Mwalimu wa Namba Tasa

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa anafuta ubao kwa mate. Dasta ilikuwepo, tena mpya, lakini akikosea tarakimu moja katikati ya mstari alilamba kidole gumba, akaisugua mpaka ikatoka, kisha akaandika nyingine pale pale palipolowa. Kipindi kikifika katikati, kidole kilikuwa cheupe, ulimi mweupe, na pembe za mdomo zina ukoko wa chaki na mate. Kidole hicho hicho ndicho alichofungulia kurasa za madaftari yetu. Sisi tuliokaa mbele tulikuwa tunayapokea kwa ncha za kucha na kuyaanika dirishani.

Nimekaa naye miaka mingi, kwanza kama mwanafunzi wake, baadaye kama mwalimu mwenzake katika shule hiyo hiyo, huku kwetu Serengeti, mwendo wa pikipiki kutoka Mugumu. Kinyaa hakikuniisha. Kilihama tu, kikatoka kwenye kidole chake kikaenda kwenye mambo mengine. Simtaji jina, kwa sababu ndugu zake wapo na hawana kosa, na kwa sababu mwenyewe hakupenda kuitwa kwa jina. Alitaka aitwe Mwalimu, basi, kana kwamba wengine wote pale shuleni walikuja kufagia.

Kitabu cha hesabu kilikuwa cha Kiingereza. Yeye alikisoma kwa Kiingereza mara moja, haraka haraka, kisha akakifunga na kutufundisha kwa Kiswahili. Na tulielewa, hilo siwezi kumnyima. Mambo mengine hata kwenye mtaala hayakuwemo. Alituambia kila namba ina tabia yake, na ukitaka kuijua, tafuta vigawo vyake, yaani namba zote zinazoigawa bila kubaki kitu. Yenyewe iache pembeni, hizo nyingine zijumlishe. Kumi inagawanyika kwa moja, mbili na tano. Jumla yake nane, haifiki kumi, kwa hiyo kumi ni namba pungufu. Kumi na mbili ina moja, mbili, tatu, nne na sita. Jumla kumi na sita, imepitiliza, hiyo ni namba zidifu. Ishirini na nane ina moja, mbili, nne, saba na kumi na nne, na ukijumlisha unapata ishirini na nane ile ile. Hiyo ni namba kamilifu.

"Hizi ni adimu," alisema. "Unaweza kuhesabu mpaka mamilioni usizikute hata kumi."

Akaandika 33,550,336 ubaoni, akatuambia nayo ni kamilifu, akasimama kuitazama huku anatabasamu. Sijawahi kumwona akimtazama mtu hivyo.

Angeishia kwenye namba ningemkumbuka vizuri. Lakini wiki iliyofuata alianza kutuainisha sisi. Marwa alikuwa anachunga ng'ombe wa baba yake alfajiri na kuja darasani ananuka maziwa na samadi. Huyo akawa Pungufu. Neema, ambaye watu wake walifanya biashara Sirari mpakani na alikuwa anaongea Kiswahili cha Kenya, akawa Zidifu, kwa sababu eti alikuwa na vitu vingi kuliko akili ya kuvitumia. Hakuwaita kwa hasira. Aliwaita kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma majina ya mahudhurio. "Pungufu, kaa nyuma, unanuka." Anayesema hivyo ana chaki iliyoganda mdomoni.

Marwa aliacha shule akiwa kidato cha pili. Nilimkuta miaka mingi baadaye mnadani, ameshika mbuzi wawili kwa kamba, ana tumbo na kofia nzuri. Tulisalimiana, akauliza, "Ghati, yule kamilifu wenu bado yupo?" Alikuwa anacheka, lakini alikuwa hajasahau.

Somo lake kubwa lilikuwa la namba tasa, zile zisizogawanyika kwa kitu chochote ila moja na zenyewe. Mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, na kuendelea. Kila kidato cha kwanza alikiwekea mtego ule ule. Aliandika moja saba zikifuatana, 1,111,111, akasema, "Milioni moja, laki moja na kumi na moja elfu, mia moja na kumi na moja. Ni tasa au si tasa? Thibitisheni."

Tuligawa kwa tatu, ikabaki moja. Kwa saba, ikakataa. Kumi na moja, kumi na tatu, kumi na saba, zote zikakataa. Tulijaza kurasa. Kufika Ijumaa darasa zima tulikuwa tumeandika kwamba ni tasa. Akayasoma madaftari kwa kile kidole chake, akayarudisha mezani kama mtu anayeweka takataka.

"Mmechoka mapema," alisema. "Mvivu huita kila namba tasa. Kabla hujaipa namba jina hilo, ujaribu vyote vinavyopasa kujaribiwa. Ukibakiza hata kimoja, hujathibitisha. Umesingizia."

Maneno hayo niliyapenda. Niliyaandika kwenye jalada la ndani la daftari. Mpaka leo nikisahihisha insha za wanafunzi wangu huwa nayakumbuka, na yananikera kwamba ni ya kwake.

Aliyeutegua mtego alikuwa Nyangi, msichana niliyekaa naye dawati moja. Aliendelea kugawa peke yake wakati sisi tumeshaacha, kwenye mapumziko, kwenye foleni ya uji, mpaka akafika mia mbili thelathini na tisa, na ile namba ikakubali. 239 mara 4,649. Alipompelekea, Mwalimu alikagua mara mbili, kisha akamshika mkono Nyangi kwa mikono yake yote miwili na machozi yakamlengalenga. Alitupeleka nyumbani kwake siku hiyo hiyo, Nyangi kwa sababu ya ushindi, mimi kwa sababu Nyangi aliogopa kwenda peke yake. Akamwambia mke wake achinje jogoo.

Mke wake aliitwa Wankuru. Namtaja kwa sababu miaka ile hakuna aliyemtaja. Pale kwenye nyumba za walimu kila mwanamke alikuwa Mama Fulani. Yeye hakuwa na mtoto, kwa hiyo alikuwa Mke wa Mwalimu. Alikuwa bado kijana, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alitunawisha mikono, akaleta ugali na kuku, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango.

Mwalimu alikula vizuri. Alinyonya mifupa, akalamba vidole kimoja kimoja mpaka kwenye kiganja, na kati ya kulamba na kulamba aliendelea kufundisha. Alimwambia Nyangi kwamba 239 yenyewe ni tasa, na 4,649 nayo ni tasa, ila zimekutana zikazaa milioni na ushee. Hata hivyo si namba kamilifu, alisema, ni pungufu kupita kiasi, maana vigawo vyake ukivijumlisha na ile moja unapata 4,889 tu. Kisha akaonyesha mlangoni kwa mfupa wa paja.

"Humu ndani tasa ni mmoja," akasema. "Na yeye hazai hata ukimzidisha kwa nini."

Alicheka. Mafuta yalikuwa yanamtiririka kwenye kidevu. Nyangi aliangalia sahani yake. Wankuru aliinuka, akachukua jagi, akaja kumnawisha mume wake mikono. Alimwagia maji taratibu, hakumwaga pembeni hata tone, na Mwalimu bado anacheka. Nilitoka nikatapika kuku wote nyuma ya jiko. Wankuru alinifuata, akaniletea maji ya kusukutua, akauliza, "Ni mafuta yamekukataa?" Nikasema ndiyo, mama, ni mafuta.

Sasa niseme na upande wa pili, kwa sababu upo, na unanisumbua. Mwaka tuliokuwa kidato cha tatu ulikuwa mwaka wa tohara, ambayo msimu wake huisha kabla ya Januari. Watoto wa kike walikuwa wanaitwa nyumbani ghafla, na sote tulijua wanaitiwa nini. Baba mmoja alifika shuleni na vijana watatu kumchukua binti yake katikati ya kipindi cha hesabu. Mkuu wa shule hakuwepo, walimu wengine walijifanya hawaoni. Mwalimu alitoka, akafunga mlango wa darasa nyuma yake, akasimama barazani na chaki mkononi.

"Huyu yuko kwenye kipindi changu," alisema.

"Ni mwanangu," yule baba akajibu.

"Kipindi hakijaisha."

"Kitaisha saa ngapi?"

"Januari."

Walimsukuma, wakamchania shati. Hakuondoka mlangoni mpaka gari la polisi likaja. Yule binti leo ni nesi. Mtu huyo huyo, jioni yake, alirudi kwake na kumwambia mke wake amshonee shati, na mimi niliyekuwa nimeenda kuomba maji nilimsikia akiongeza, "Angalau shona, kama kazi nyingine imekushinda." Sijui mtu anavigawaje vitu hivyo viwili ndani ya kifua kimoja.

Nilipomaliza chuo cha ualimu nilipangiwa shule ile ile, kufundisha Kiswahili. Nikapewa nyumba ya tatu kutoka kwao. Kidole kilikuwa bado kinalambwa. Wankuru alikuwa amekonda, ameanza mvi, na alikuwa bado Mke wa Mwalimu. Mama mkwe wake alikuwa akija kutoka kijijini anakaa sebuleni na kuongea Kikurya kwa sauti kubwa ili jirani tusikie, kuhusu shamba lisiloota.

Siku moja Wankuru aliniomba nimsindikize hospitali Mugumu. Alikuwa ameenda mara ya kwanza peke yake, wakampima, sasa alikuwa anafuata majibu. Daktari, mama mmoja mtaratibu, alimwambia kwamba hajaona tatizo lolote kwake. Akasema, "Sasa mlete baba. Tunapima wote wawili, ndipo tunajua."

Njia nzima ya kurudi Wankuru alikuwa mchangamfu kama msichana. Alinunua ndizi sokoni, akanipa mbili. "Atakubali," aliniambia. "Yeye ni mtu wa kuthibitisha."

Hakukubali. Alisema mwanamume hapimwi. Alisema ukoo wao haujawahi kuwa na hitilafu hiyo, na kwamba daktari ni mwanamke na amemtetea mwanamke mwenzake. Wankuru alinisimulia kesho yake akiwa anaanua nguo, bila kulia.

Mimi nilikuwa na hasira ya ujana. Nilimfuata ofisi ya walimu saa ya chai. Walikuwepo walimu wengine wawili wanasahihisha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Ghati."

"Mwalimu, ulitufundisha kwamba mvivu huita kila namba tasa."

"Ndiyo. Na nyie mlikuwa wavivu, ukimwacha Nyangi."

"Ukasema ujaribu vyote vinavyopasa kujaribiwa. Ukibakiza hata kimoja, umesingizia."

Alielewa ninakoelekea. Aliweka kikombe chini.

"Mtu si namba," akasema.

"Marwa ulimwita Pungufu mwaka mzima."

"Hayo ni ya darasani."

"Na siku ya jogoo? Ile ilikuwa nyumbani kwako. Mimi na Nyangi tulikuwepo."

Wale walimu wawili waliacha kusahihisha. Mwalimu alinitazama, si kwa hasira, kwa ile sura ya mtu aliyeona inzi kwenye chai. Kisha akalamba kidole, akafungua ukurasa mwingine wa daftari lililokuwa mbele yake, akaendelea kusahihisha. Hakuongea na mimi tena mpaka mwaka ukaisha.

Wankuru aliondoka kabla ya mavuno. Alirudi kwao Gorong'a, upande wa Tarime, kwa kaka yake. Haikuchukua muda Mwalimu akaleta mke mwingine, binti wa miaka ishirini na kitu. Baada ya miaka mitatu akamrudisha. Tasa. Akaleta wa tatu, huyo alikaa muda mfupi zaidi. Naye tasa. Nilikuwa namsikia akiwaambia wenzake haya ofisini, anatikisa kichwa kama mtu aliyepatwa na bahati mbaya sokoni, kanunua nyanya mbovu mara tatu. Huyu ndiye aliyeweza kuangalia matokeo ya darasa zima na kukuonyesha swali lilikosewa wapi. Wanawake watatu, jibu moja, na hakuona kilichokuwa kinajirudia. Au alikiona. Hilo la pili ndilo lililonifanya nihamishe kiti changu kwenda upande mwingine wa ofisi.

Alistaafu, akajenga nyumba ndogo Manchira, upande unaoliona bwawa. Nilihamia shule ya Mugumu mjini, nikadhani nimemaliza naye.

Mwaka huu akanipigia simu. Sauti imekuwa nyembamba.

"Ghati, nimesikia Wankuru ana mtoto."

Nilikuwa najua. Kule Gorong'a Wankuru alikuwa ameishi na mwanamume aliyefiwa na mke, fundi wa kujenga, akazaa naye binti wakati watu wameshamkatia tamaa. Mtoto aliitwa Robi, na Wankuru sasa aliitwa Mama Robi kutoka nyumbani mpaka sokoni.

"Ndiyo, Mwalimu. Yuko darasa la pili."

"Ng'ombe zangu hazijarudishwa," akasema. "Kwa mila, huyo mtoto ni wangu. Wazee wamepanga kikao Jumamosi. Naomba unisindikize, miguu hainibebi vizuri."

Nilimwambia nitamjibu kesho, nikakata simu. Ni kweli kwamba kwa mila ya kwetu mwanamke ambaye ng'ombe wake wa mahari hawajarudi bado ni mke wa aliyewatoa, na anachozaa kinahesabiwa huko. Na ni kweli kaka yake Wankuru alioa kwa wale ng'ombe zamani, hawapo. Nilimpigia Wankuru nikamwambia tuwahi ustawi wa jamii wilayani. Akasema, "Njoo naye. Nataka aje aseme hapa."

Kikao kilifanyika barazani kwa kaka yake, kwenye viti vya plastiki. Wazee watatu, kaka mtu, yule fundi, Wankuru na mimi. Mwalimu alivaa koti. Alijieleza vizuri, hatua kwa hatua, kama alivyokuwa ubaoni: nilioa kwa ng'ombe, ng'ombe hazikurudi, kwa hiyo ndoa ipo, mtoto amezaliwa ndani ya ndoa, kwa hiyo mtoto ni wangu. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Yule fundi alikuwa anaangalia viatu vyake.

Wankuru akaomba kusema.

"Tata, mila naijua, sibishani nayo," alimwambia mzee mkubwa, akimwita baba kwa Kikurya. "Huyu aliniita tasa muda wote niliokaa kwake. Mbele ya wanafunzi, mbele ya wageni, mbele ya mama yake. Sasa amekuja kudai nilichozaa. Sawa. Aanze kwa kusema hapa, mbele yenu, kwamba mimi si tasa."

"Mtoto anaonekana," Mwalimu akasema. "Kuna haja gani ya kusema?"

"Ameomba," mzee akamjibu. "Sema."

Mwalimu aliangalia sakafu.

"Si tasa."

Mzee wa pembeni, ambaye mpaka hapo alikuwa kimya, akasogeza kiti. "Na wale wawili uliowarudisha baadaye? Mmoja ameolewa hapo jirani na kwangu. Ana watoto, namwona kila siku. Naye hakuwa tasa?"

Mwalimu alifunga kifungo cha koti.

"Nauliza tu, mwalimu, wewe ndiye msomi hapa. Wanawake wawili hawa wamezaa walipotoka kwako. Sasa huyu mtoto utamwitaje wako mbele ya watu? Watu watauliza. Sisi tutajibu nini?"

Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso. Ningependa kusema nilimhurumia. Nilikuwa namwangalia jinsi anavyotafuta njia ya kumpata mtoto bila kulipia kwa lile jibu, anageuza huku na huku kichwani, na nilijua kabisa kama ingekuwepo angeitumia.

"Tuyaache," akasema mwishowe.

"Kuyaacha maana yake nini?"

"Mtoto abaki kwa mama yake."

Wazee walimtaka arudie, ili iwe imesikika. Akarudia. Yule fundi akainuka, akaingia ndani, nikamsikia anapenga kamasi.

Robi alikuwa ametumwa dukani na hakujua lolote. Alirudi ameshika sukari, akaona wageni, akazunguka kusalimia mmoja mmoja kama alivyofundishwa. Alipofika kwa Mwalimu akainamisha kichwa.

"Shikamoo, babu."

Mwalimu alichelewa kuitikia. Mtoto alisubiri pale pale, ameinama, mpaka mama yake akataka kumwita. "Marahaba," akasema, na Robi akakimbia ndani na sukari yake.

Nilimsindikiza hadi barabarani kusubiri bodaboda. Alikuwa anatembea ameshika ukuta wa mabanzi.

"Angeweza kuwa wangu," alisema.

"Ungeenda kupimwa, Mwalimu, mngejua. Siku hizi wanatibu."

"Unaongea kama yule daktari."

"Ndiyo."

Bodaboda ilipofika alipanda, akasogea mbele ili kuniachia nafasi nyuma yake. Nilimwambia dereva aende, mimi nabaki.

Nilirudi kwa Wankuru. Alikuwa jikoni anamenya viazi vitamu vilivyochemka, mvuke unamfunika uso, na Robi anadokoa kwenye sufuria.

"Ameenda?"

"Ameenda."

"Basi kaa," akasema. "Vimeiva."